Gugu Karoti Ukingoni mwa Serengeti

Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Masai Mara, huingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha hutiririka hadi Ziwa Viktoria. Hubeba mengi zaidi ya udongo. Gugu karoti, mmea wenye asili ya Amerika, limekwisha kuonekana Masai Mara, na mbegu zake husafiri kwa maji, kwa matope ya magurudumu na kwa kwato za mifugo. Kata ya Machochwe, iliyopakana na hifadhi, ina sababu ya kulifahamu mapema. Hapa Tanzania lilitambuliwa Arusha mwaka 2010.

Majani yake hufanana na ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe. Laweza kuchanua wiki 4 tu baada ya kuota, na mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu 15,000 au zaidi. Ng'ombe hulikwepa, akilazimika kulila, maziwa yake huwa machungu. Tena hutoa kemikali zinazozuia mimea jirani kuota.

Hapa ndipo vikundi vya watu wanaojitolea hukosea mara nyingi. Husubiri maua, kwa kuwa ndipo gugu huonekana kwa urahisi. Kumbe kung'oa mimea iliyokomaa ni kupukutisha mbegu. Wakati ufaao ni kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu, ili mzizi utoke wote. Shina likikatwa tu, huchipua upya.

Kung'oa, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Ardhi iliyobaki wazi hulikaribisha gugu tena, na mbegu huishi udongoni miaka kadhaa. Nyasi za asili ndizo zifungazo mlango huo, nazo zahitaji kupumzishwa zisilishwe. Kwa mfugaji wa Kikurya, kuambiwa asiingize ng'ombe wake katika kipande cha malisho wakati wa kiangazi si jambo dogo. Mwalimu na azungumze na wazee kwanza, majembe baadaye.

Kisha ipimwe miraba ya mita 1 kwa mita 1, mingine iliyopumzishwa, mingine inayolishwa, na miche ihesabiwe kila baada ya mvua. Wang'oaji wavae glavu na mikono mirefu, kwani gugu huwasha ngozi na chavua yake huamsha pumu. Mwanafunzi mwenye pumu abaki darasani na daftari la hesabu.