Kiingereza Hakina "Ka"

Paukwa! Pakawa!

Hapo zamani za kale, kiangazi kilipokuwa kikali, wanyama walichimba kisima. Sungura akakataa kusaidia. Usiku akaja kwa kunyata, akanywa maji, akaoga humo humo, akaenda zake.

Wajukuu zangu, sikilizeni hiyo "ka". Akaja, akanywa, akaoga: ndiyo inayovuta tukio moja baada ya jingine, na mkato unatosha kati yake. Tukigeukia Kiingereza, mazoea hayo hutuponza. Tunaandika:

"Hare came at night, he drank the water."

Kiingereza hakina "ka". "Hare came at night" ina mtenda na kitenzi, na maana yake imetimia. "He drank the water" nayo imetimia. Hizo ni sentensi mbili kamili, na mkato peke yake hauna nguvu ya kuziunganisha. Ukiuondoa hata huo mkato, kosa linazidi, maana msomaji hajui pa kuvuta pumzi.

Msidhani kosa ni urefu. "Hare ran, he fell" ina maneno manne tu, na imekosewa. Ili kulitambua kosa, soma upande wa kushoto: unaweza kusimama peke yake? Soma wa kulia: nao je? Ikiwa zote mbili zinasimama, tazama kilichopo katikati. Pakiwa patupu, au pana mkato tu, rekebisha.

Haya, turekebishe huku hadithi ikiendelea. Wanyama walikasirika, wakamwita Kobe. Weka nukta, kisha anza na herufi kubwa:

"The animals were angry. They called Tortoise."

Kobe ni mzito wa mwendo, lakini ana akili. Hapa mkato upewe msaidizi, kiunganishi kama "and", "but", "so" au "or":

"Tortoise was slow, but he was clever."

Kobe akajipaka urimbo mgongoni, akajizamisha, akatulia. Mawazo mawili yakikaribiana hivyo, tumia nukta mkato:

"Tortoise did not shout; he waited."

Sungura akaja, akakanyaga gamba akidhani ni jiwe, akanaswa! Kwa nini? Neno "because" hufanya upande mmoja uutegemee mwingine:

"Hare was caught because Tortoise had glue on his shell."

Hapo jihadharini na "however", "then" na "therefore". Yanafanana na viunganishi, lakini hayafanyi kazi hiyo. "Hare pulled his foot, however, it was stuck" ni kosa. Sahihi ni "Hare pulled his foot; however, it was stuck."

Na ile sentensi yetu ya kwanza? Mtaje mtenda mara moja, vitenzi vimfuate: "Hare came at night, drank the water and bathed in it." Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na "ka" yetu, nami naipenda kuliko zote.

Leo chukueni insha zenu za Kiingereza. Kila penye mkato, someni kushoto, someni kulia, kisha amueni. Hadithi zenu ni nzuri, na msomaji anastahili kuzifuata bila kupotea njia.