Koti Jeusi Lililokuwa Jekundu

Kadi yenyewe inatoshea kiganjani: sentimita 6 kwa 10 hivi, karatasi ngumu, picha yenye rangi ya kahawia iliyofifia. Kijana amesimama wima kando ya nguzo ya bandia, kofia ameiweka mezani, mkononi ana fimbo fupi. Koti lake ni jeusi. Warithi wa kadi kama hiyo huamua haraka kwamba babu wa babu yao alikuwa polisi, au mzimamoto, maana nani asiyejua kwamba askari wa Malkia Victoria walivaa mekundu?

Na koti hilo lilikuwa jekundu. Vioo vya kamera vya miaka ya 1850 na 1860 vilipakwa dawa ya kolodioni, ambayo iliuona mwanga wa buluu na kuwa kipofu kwa wekundu. Chekundu kilitoka cheusi, cha manjano kilitoka kiza, cha buluu kilipauka hadi kukaribia weupe. Ndiyo maana baadhi ya askari hao wanamkodolea mtazamaji macho ya kizimu: yalikuwa macho ya buluu tu, dawa ndiyo iliyoyachuja. Vioo vya jelatini vilivyofuata havikuponya upofu huo mara moja, kwa hiyo mtafiti wa picha za karne ya 19 hujizoeza kutazama nguo nyeusi na kujiuliza kama ilikuwa nyeusi kweli.

Wengi huanza na uso. Wanailinganisha pua ya kwenye kadi na pua ya mjomba, kisha wanaridhika. Huo ndio ushahidi dhaifu kuliko wote uliomo katika picha, na wenye uzoefu huuacha mpaka mwisho. Wao huigeuza kadi kwanza.

Nyuma ya kadi kuna jina la studio na mtaa wake. Kadi za kipimo hiki zilisajiliwa kwa hataza mjini Paris mwaka 1854 na mpigapicha André Adolphe-Eugène Disdéri, na katika miaka ya 1860 zikaenea kama moto wa nyika kwa sababu kioo kimoja kilibeba picha kadhaa na bei ikashuka hadi mfukoni mwa askari wa kawaida. Wapigapicha waliifuata mishahara. Studio zikaota kandokando ya kambi: Aldershot, ambako kambi kubwa ilianzishwa mwaka 1854, Chatham, Colchester, Malta, Gibraltar, miji ya India. Vitabu vya anwani za biashara vya wakati huo huonyesha studio fulani ilikaa mtaa gani na kwa miaka ipi, na kikosi nacho huwa na kumbukumbu za mahali kilipopiga kambi. Mistari hiyo miwili ikikutana, tayari miaka thelathini ya kukisia imepungua hadi miwili au mitatu. Hata pembe za kadi husema kitu: za miaka ya 1860 kwa kawaida ni kali, zilizoviringwa huja zaidi baadaye.

Kisha nguo. Jeshi la Uingereza lilikuwa na kigeugeu cha mavazi kinachomfaa sana mtafiti. Koti lenye safu mbili za vifungo lilikuja mwaka 1855, na mwaka uliofuata likabadilishwa kuwa la safu moja. Helmeti ya kitambaa cha buluu yenye ncha juu ilianza kuvaliwa mwaka 1878. Maafisa walibeba taji na nyota za vyeo vyao kwenye kola hadi mwaka 1880, ndipo zikahamia mabegani. Mwaka 1881 ukaleta fagio kubwa: rejimenti zilizojulikana kwa namba zikapewa majina ya majimbo yao, na zile zisizo na hadhi ya kifalme zikagawiwa rangi za kola na ncha za mikono kwa nchi, nyeupe kwa England na Wales, manjano kwa Uskoti, kijani kwa Ireland. Rejimenti za kifalme zilibaki na buluu. Kijana mwenye namba begani, basi, ni wa kabla ya mageuzi hayo. Mwenye jina la jimbo ni wa baada yake. Tahadhari moja tu: amri iliyotiwa saini London haikumfikia siku hiyohiyo fundi cherehani wa kambi ya Peshawar.

Mkono wa koti ni shajara. Tepe zilizo juu ya kiwiko, ncha zikiangalia chini, ni cheo. Zilizo karibu na kiganja, ncha zikiangalia juu, ni za mwenendo mwema, na katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, tepe ya kwanza ilipatikana baada ya miaka 2, ya pili baada ya 6, ya tatu baada ya 12. Askari asiye na cheo mwenye tepe tatu za chini si kurutu hata kama studio imemlainisha mashavu. Ametumikia miaka 12 au zaidi, na mtafiti anaweza kurudi nyuma kwa hesabu hadi karibu na mwaka alioandikishwa.

Nishani huhesabu upande wa pili. Picha yenye nyota ya shaba ya Khedive, mtawala wa Misri, haiwezi kuwa ya kabla ya vita vya Misri vya mwaka 1882. Nyota ya Kabul hadi Kandahar ilitolewa kwa walioandamana na Jenerali Roberts nchini Afghanistan mwezi Agosti 1880. Hata farasi wake, Vonolel, aliipata. Afrika Mashariki nayo imo. Nishani iliyoanzishwa mwaka 1899 ina kipande cha madini juu ya utepe, kilichoandikwa jina la Lubwa, kwa ajili ya mapigano ya mwaka 1897 kwenye ngome yenye jina hilo huko Busoga, na waliostahili kuivaa wengi wao walikuwa Waafrika na Wahindi.

Lakini picha ya bati hudanganya kwa njia yake. Hutoka imegeuzwa kama kwenye kioo, hivyo nishani huonekana kifua cha kulia na vifungo hufungwa upande wa kike. Anayelisahau hilo atatunga hadithi nzima ya mtu aliyevaa nishani za marehemu baba yake.

Hadi hapo hakuna jina. Jina hutafutwa Kew, London, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na hapo pana mtego ambao wengi hawaambiwi. Jalada maarufu la kumbukumbu za askari, lenye alama WO 97, kabla ya mwaka 1883 lina zaidi wale walioacha jeshi wakiwa na pensheni. Aliyekufa kwa kipindupindu, aliyetoroka, aliyelipa pesa ili aachiliwe, hayumo. Huyo hutafutwa katika madaftari ya majina na malipo ya kikosi, robo mwaka kwa robo mwaka, kazi ya kuchosha macho. Mwenye bahati ya kumpata mtu wake katika WO 97 hupewa zawadi: parokia aliyozaliwa, kazi aliyofanya kabla ya jeshi, urefu, rangi ya macho, makovu.

Mara chache uso nao hudai kusikilizwa. Katika picha za rejimenti ya Durham Light Infantry za mwishoni mwa karne ya 19 yupo mtoto mweusi kati ya masajenti wenye masharubu, na baadaye yupo kijana mweusi mwenye sare ya bendi. Sare inasema kikosi tu. Makaratasi ndiyo yaliyosema mengine: baada ya mapigano ya Ginnis nchini Sudan, Desemba 1885, askari wa batalioni ya pili walimkuta mtoto wa takriban miaka miwili kwenye mto Nile. Masajenti walichangishana gharama za kumlea, akaitwa James Francis Durham, akaenda na kikosi India, na mwaka 1899 akaandikishwa rasmi kuwa askari. Bendini alipiga klarineti. Mwaka 1908 alioa.

Alikufa kwa nimonia mjini Fermoy, Ireland, tarehe 8 Agosti 1910, mke wake akiwa mjamzito, na akazikwa hukohuko. Ofisi ya nyaraka ya Durham inazo kumbukumbu za kikosi chake, na humo sura ya yule mtoto wa Nile bado imekaa katikati ya masajenti, haijapauka sana, ikitazama kamera kwa umakini wa mtoto aliyeambiwa asitikisike.