Kipchoge Akimbie, Bondia Apumzike

Tarehe 2 Novemba 2025, zikiwa zimesalia siku tatu atimize miaka 41, Eliud Kipchoge alimaliza marathoni ya New York akiwa wa 17, kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 36. Hakuwa amewahi kumaliza marathoni kwa muda mrefu kuliko huo. Mwaka uliotangulia, kwenye Olimpiki ya Paris, hata utepe hakuufikia: mgongo ulimbana, akaanza kutembea, akawagawia mashabiki wa kando ya barabara viatu na fulana yake. Tangu hapo maneno ya vijiweni na mitandaoni ni yale yale. Mzee ang'atuke, asijiharibie jina.

Jina ni lake. Akitaka kulitumia kukimbilia nafasi ya 17, ni hiari yake, na waandaaji wa mbio kubwa wanafurahi kulilipia. Lakini wanaomtaka astaafu huwa wanachanganya maswali mawili. Moja ni la heshima, na hilo watabishana nalo mpaka kahawa ipoe. La pili ni la afya: je, mwili wa nyota aliyevuka miaka 35 au 40 unaumia kwa kuendelea kushindana? Hili sayansi inaweza kulijibu, ila jibu la mkimbiaji silo la bondia.

Tuanze na hesabu za Kipchoge mwenyewe. Septemba 2022, akiwa na miaka 37, alikimbia Berlin kwa saa 2:01:09, rekodi ya dunia wakati huo. Aprili 2025, akiwa na miaka 40, alikimbia London kwa saa 2:05:25. Tofauti ni dakika nne na ushee, yaani kama asilimia 3.5. Ukiigawa kwa urefu wa njia, amepoteza sekunde sita kwa kila kilomita. Ofisini au shambani hakuna ambaye angegundua kwamba mwenzake amepungukiwa nguvu kwa kiasi hicho. Katika marathoni ya kiwango cha juu, sekunde hizo sita zilimtoa kwenye ushindi zikamweka nafasi ya sita. New York sikuiweka kwenye hesabu kwa sababu ni kupunjana: njia yake ina madaraja na miinuko, na hakuna wakimbiaji wa kuweka kasi, wakati Berlin ni tambarare tupu.

Sekunde hizo zinapotelea wapi? Mwaka 1991 daktari wa Marekani, Michael Joyner, aliandika kwamba muda wa marathoni huamuliwa na mambo matatu. La kwanza ni kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika. La pili ni sehemu ya kiwango hicho ambayo mkimbiaji anaweza kuishikilia kwa muda mrefu kabla misuli haijalemewa. La tatu ni ubanifu, yaani oksijeni inayotumika kufika kilomita moja. Wawili wenye mapafu na moyo sawa hutofautiana hapa kama magari mawili yenye tangi sawa. Kwa mambo hayo matatu Joyner alikadiria kwamba binadamu angeweza kukimbia marathoni kwa saa 1:57:58, wakati rekodi ya siku hizo ilikuwa 2:06:50. Wengi waliona ni ndoto, mpaka Kipchoge alipokimbia saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, kwenye jaribio maalumu lisilohesabiwa kama rekodi.

Umri hushambulia zaidi lile la kwanza. Kasi ya juu ya mapigo ya moyo hupungua kwa takribani mapigo saba kila miaka kumi, na hakuna mazoezi yanayoizuia. Moyo wa mwanariadha unaweza kuwa mkubwa na wenye nguvu, lakini ukidunda mara chache zaidi kwa dakika, damu inayofika miguuni inapungua, na oksijeni nayo inapungua. Ubanifu hauchakai upesi hivyo. Mkimbiaji mkongwe aliyeendelea kufanya mazoezi huweza kukanyaga kwa ustadi ule ule wa ujanani.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hawalioni kwa sababu halionekani siku ya mbio. Kwenye kambi ya mazoezi ya Kaptagat, nchini Kenya, chini ya kocha Patrick Sang, wakimbiaji wa kundi la Kipchoge hupita kilomita 200 kwa wiki. Kinachomtofautisha mtu wa miaka 40 na wa miaka 25 ni siku inayofuata mazoezi magumu. Misuli iliyochanika hujengwa upya polepole zaidi, nyuzi za misuli zinazotoa kasi hupungua, na kano, hasa ule wa kisigino, hupona kwa kusuasua. Kigimbi kikikaza, kijana anapumzika siku mbili. Mkongwe anapoteza wiki tatu, na wiki tatu zikijirudia mara mbili kwa mwaka, kiwango kimeshuka hata kama moyo uko salama. Wengi tunaodhani walistaafu kwa kuishiwa pumzi walistaafishwa na kano na magoti. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alitangaza kuacha mwaka 2010 huko New York baada ya goti kumsaliti, akabadili mawazo baada ya siku chache, na akaja kuacha kweli mwaka 2015 akiwa na miaka 42.

Sasa, hayo yote ni kupungua, si kuumwa. Ukitaka kuona kinachoharibu mwili kwa kasi kuliko umri, iangalie Dallas, Texas, mwaka 1966. Watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya, wa miaka 20, kwa wiki tatu mfululizo. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukaporomoka. Miaka 30 baadaye wakawatafuta wale wale watano, sasa watu wazima waliokwisha kunenepa. Uwezo ulikuwa umepungua tena, lakini ile miaka 30 haikuwa imewapunguzia kama zilivyowapunguzia zile wiki tatu za kulala. Wakapewa mazoezi ya miezi sita, na wakarudi kwenye kiwango walichokuwa nacho mwaka 1966 kabla ya kulazwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee ni kukaa tu.

Ndiyo maana inashangaza kusikia mkimbiaji akishauriwa aache ili "aulinde mwili". Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013, alishika nafasi ya tatu Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44. Mwaka huo huo Kenenisa Bekele alikuwa wa pili London kwa saa 2:04:15, akiwa na miaka 41. Na Ed Whitlock wa Kanada, aliyejizoeza kwa kuzunguka makaburini karibu na nyumba yake, alikimbia marathoni kwa saa 2:54:48 akiwa na miaka 73. Vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaojiandikisha kwa marathoni za hisani hawataugusa muda huo maishani.

Sisemi kwamba mbio ndefu hazina gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu zaidi ya watu 52,000 walioshiriki Vasaloppet, mbio za kilomita 90 za kuteleza kwenye theluji nchini Sweden, ulionyesha kwamba waliomaliza mbio nyingi zaidi, na waliomaliza kwa kasi zaidi, walipatwa zaidi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Gegedu za magoti nazo huchakaa zaidi kwa wanaoshindana kitaalamu kuliko kwa wanaokimbia kwa afya. Hao wa pili wako salama hata kuliko wasiokimbia kabisa. Mkongwe anayehisi moyo unaruka mapigo, anayezimia au anayebanwa kifua akikimbia hapaswi kupewa moyo wa kukaza buti. Apelekwe hospitali. Lakini hizo ni hatari zinazopimika na kutibika, na wengi hawazipati.

Kwa bondia mambo yanageuka. Mwaka 1974 jijini Kinshasa, Muhammad Ali, akiwa na miaka 32, aliegemea kamba akamwacha George Foreman ampige mpaka achoke, kisha akamwangusha raundi ya nane. Watu wa Afrika wanausimulia usiku ule kama ushindi wa akili, na ulikuwa hivyo. Ulikuwa pia dalili. Ali wa miaka 22 hakuwa akipigwa; miguu yake ilimtoa kabla ngumi haijafika. Miguu ilipopungua kasi, alianza kulipa kwa kichwa na mbavu kile alichokuwa akikikwepa bure.

Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Mkimbiaji akipungua kasi anachelewa kufika. Bondia akipungua kasi anapigwa zaidi, na kila pigo linampunguzia kasi ya kuliona pigo linalofuata. Daktari wa Ali wa muda mrefu, Ferdie Pacheco, alijitoa kambini mwaka 1977 baada ya pambano na Earnie Shavers, kwa kuona bingwa haambiliki. Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, Ali alipigana na Larry Holmes mpaka kona yake ilipomzuia kuendelea baada ya raundi kumi. Desemba 1981 akapigana tena, na Trevor Berbick kule Nassau, akashindwa. Mwaka 1984 akagundulika na ugonjwa wa Parkinson. Madaktari bado wanabishana kama ngumi ndizo zilizouleta, lakini hakuna daktari makini atakayekuambia kwamba mapambano yale mawili ya mwisho yalimsaidia.

Hoja za waliomruhusu kupigana zilikuwa zile zile tunazozisikia ulingoni leo: ana nguvu bado, amepita vipimo, anazihitaji fedha, watu wanataka kumwona. Mimi sina simile na hoja hizo. Bondia mkongwe anayeanza kuburuta maneno au kupoteza mizani asipewe leseni, hata kama tiketi zimeisha na yeye mwenyewe analia apigane. Ubongo ndio unaomshauri, na ndio ulioumia.

Soka iko katikati, na ni mahali ambapo miaka peke yake hupotosha kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha utafiti uliowafuatilia wanasoka wa zamani wa Uskochi 7,676 na kuwalinganisha na watu wengine wa rika na mazingira yao. Maradhi ya moyo yaliwaua wachezaji wachache zaidi, kama mtu angetarajia. Lakini walikufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo, yakiwemo yale ya kupoteza kumbukumbu, mara tatu na nusu zaidi. Miaka miwili baadaye watafiti wale wale walichambua nafasi za uwanjani. Mabeki ndio walioathirika zaidi, karibu mara tano. Waliocheza zaidi ya miaka 15 nao walikuwa juu, takribani mara tano. Makipa hawakutofautiana sana na watu wa kawaida.

Watafiti wanashuku mipira ya kichwa, na mimi naona wana sababu. Kipa Essam El-Hadary alidaka penalti kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45 na Misri nzima ilikuwa ikijadili umri wake. Kiafya, wa kuulizwa maswali alikuwa beki wa kati wa miaka 30, aliyekwisha kupiga vichwa maelfu kuanzia utotoni, ambaye hakuna aliyekuwa anamwambia astaafu.

Hofu ya vichwa si ngeni: Marekani ilipiga marufuku vichwa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini mwaka 2015, na mwaka 2020 chama cha soka cha England kikaelekeza kwamba watoto wa shule za msingi wasifundishwe vichwa mazoezini. Huku kwetu akademi zinafunguliwa kila mtaa, na jioni yoyote utamkuta mwalimu akimrushia mtoto wa miaka tisa mpira wa juu, mmoja baada ya mwingine, akimsifu kwa kutofumba macho.