GARI ILIYOTUMIKA INAPOKOSA NGUVU: TAFUTA SABABU KABLA YA KUNUNUA VIPURI

Wananchi wa Songea wenye gari zilizotumika, pamoja na wale wanaokusudia kuzinunua, wanafahamishwa utaratibu wa kufuata pale gari inapokanyagwa mafuta lakini ikakataa kuchanganya mwendo.

Tatizo hili lisidharauliwe. Katika barabara ya Songea kwenda Njombe, khasa kwenye miinuko ya Lukumburu, gari ndogo hulazimika kuyapita malori yaliyosheheni mizigo. Dereva aliyekwisha kuingia upande wa pili wa barabara, kisha injini ikamkatalia, hubaki mbele ya gari inayomjia bila ya nafasi ya kurudi.

Aidha, imezoeleka kununua vipuri kwa kubahatisha: leo plagi, kesho pampu, mtondo kifaa kingine. Fedha humalizika na ubovu hubaki pale pale. Hivyo basi, uchunguzi uanze na yale yasiyo na gharama.

1. Mwinuko wa nchi

Gari nyingi zilizotumika hutoka Japani na kuteremshwa bandarini Dar es Salaam, usawa wa bahari. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa huo, na Njombe karibu mita 2,000. Kadiri nchi inavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo, gari iliyokwenda vyema Dar es Salaam itakuwa nzito kidogo Songea hata ikiwa nzima.

Upungufu huu haubadiliki siku hadi siku, wala hauleti mtikisiko. Gari ya kabureta huweza kutoa moshi mweusi kidogo kwa kuwa petroli inazidi hewa, na fundi anaweza kuirekebisha. Lakini nguvu zinazopungua kila siku, au zilizopotea ghafla, ni dalili ya ubovu.

2. Injini au magurudumu?

Dereva asikilize injini anapokanyaga mafuta. Ikiwa mngurumo unapanda lakini mwendo hauongezeki, injini haina kosa: klachi imekwisha, au gia za otomatiki zinateleza. Ikiwa gari hubaki nzito hata kwenye tambarare na hewa ya karibu na gurudumu mojawapo ni ya moto kupita mengine, breki inashika. Injini ikiwa imezimwa, ihakikishwe pia kwamba kanyagio la mafuta linafika mwisho na halizuiwi na zulia la sakafuni.

3. Hewa, mafuta na moto

Mngurumo wenyewe usipopanda, hapo ndipo injini ichunguzwe kwa mpangilio huu:

(a) Hewa. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara zisizo na lami hujaza chujio la hewa upesi. Chujio litolewe na litazamwe kwenye mwanga. Likiwa halipitishi mwanga, libadilishwe. Isiendeshwe gari bila ya chujio, kwani vumbi litakwangua silinda.

(b) Mafuta. Gari inayokwenda vizuri polepole lakini ikachoka mlimani, mara nyingi haipati mafuta ya kutosha. Sababu huwa chujio lililoziba, pampu iliyochoka au nozeli chafu. Fundi apime msukumo wa mafuta kwa geji kabla ya kulaumu pampu. Ikiwa ubovu ulianza mara baada ya kujaza mafuta, dereva atunze risiti na kutoa taarifa. Kuchanganya petroli na dizeli na mafuta ya taa kuliwahi kuenea nchini, hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka 2011.

(c) Moto. Injini ya petroli inayotetemeka na kukatakata, ambayo mafundi husema "inamisi", kwa kawaida ina plagi au koili mbovu. Plagi yenye masizi meusi makavu huonyesha petroli imezidi. Yenye oili huonyesha oili inaingia ndani ya silinda.

Taa ya injini ikiwaka, gari ipimwe kwa kompyuta. Gari nyingine hujipunguzia nguvu zenyewe ili kujilinda zinapogundua hitilafu. Hata hivyo, namba inayotolewa na kompyuta huonyesha mahali pa kutazama. Haimaanishi kwamba kifaa kilichotajwa lazima kibadilishwe.

4. Njia ya moshi na mgandamizo

Sega la kusafishia moshi, lijulikanalo kwa mafundi kama "masega", huweza kuyeyuka na kuziba. Moshi usipopata pa kutokea, hewa mpya haiingii, na gari huwa kana kwamba imefungwa kamba kwa nyuma.

Yote hayo yakiwa mazima, upimwe mgandamizo wa kila silinda. Silinda iliyo chini sana kuliko wenzake itiwe oili kidogo na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, valvu hazifungi au gasketi ya juu imeungua. Silinda zote zikiwa chini, itazamwe kama mkanda wa taimingi umeruka jino.

5. Tahadhari

Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake huua bila ya kutoa onyo. Vifaa vya mafuta visifunguliwe karibu na moto au sigara.

Mnunuzi asiridhike na mzunguko mfupi wa mtaani. Injini iwashwe ikiwa baridi, iendeshwe mpaka ipate moto, kisha gari ipandishwe mlima ikiwa na abiria. Ubovu unaojificha mjini hudhihirika mlimani.

Wenye gari ambazo ubovu wake haujapatikana wanasisitizwa kutojaribu kuyapita magari mengine kwenye miinuko mpaka gari zitengenezwe. Kufika Njombe kwa kuchelewa nyuma ya lori ni bora kuliko kutofika kabisa.