Sauti inavuka Nimule, mbona pesa zinakwama?

Ni nadra kumwona mfanyabiashara wa Juba mwenye laini moja tu ya simu. Wengi wanaoleta mzigo kutoka Kampala kupitia Elegu na Nimule hutembea na simu mbili na laini tatu: moja ya Zain au MTN ya hapa, nyingine ya Uganda ya kumlipia muuzaji wa Owino au Kikuubo, na wale wanaofika Eldoret au Nairobi huongeza ya Safaricom. Simu ya pili si ya fahari. Ipo kwa sababu salio lililo kwenye laini hii halitoki kwa urahisi kwenda kwenye laini ile.

Ukilitazama kwa makini, jambo hili ni la ajabu, kwa kuwa sauti haina shida hiyo. Simama Konyo Konyo ukiwa na laini ya Zain, piga namba ya Vodacom iliyoko Arusha au ya Safaricom iliyoko Mombasa, nayo itaita. Hukuulizwa kama kampuni hizo zinapatana, wala hukumtafuta mtu wa kukuunganishia kwa kamisheni. Sudan Kusini ilipojitawala Julai 2011 ilipewa namba yake ya kimataifa, 211, ikawa inapigiwa simu na dunia nzima.

Chanzo chake ni kitu ambacho hakitajwi sana sokoni, nacho ni viwango huria. Hizi ni kanuni za ufundi zilizoandikwa na kuchapishwa, ambazo kampuni yoyote inaweza kuzisoma na kutengeneza chombo kitakachoelewana na vyombo vya wengine. Mwaka 1987 wenye mitandao wa nchi 13 za Ulaya walikubaliana kujenga mtandao wa aina moja, GSM, na simu ya kwanza ya mtandao huo ikapigwa Finland mwaka 1991. Ndiyo maana simu iliyonunuliwa Dubai inashika mtandao Yei. Ni kama kilo. Muuzaji wa Gulu na mnunuzi wa Juba huenda hawajuani, lakini kilo ya kule ni kilo ya huku, na hakuna anayemiliki kilo.

Pesa za simu zilikuja kwa njia nyingine. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 ikiwa mali ya kampuni moja, na waliofuata wakaiga mtindo huo huo: kila kampuni na ghala lake, kila ghala na mlango wake. Juba leo ina m-Gurush, iliyoanza mwaka 2019, na MoMo ya MTN. Hata MTN ya Kampala na MTN ya Juba, zenye jina moja na rangi moja ya njano, ni vitabu viwili vya hesabu katika sarafu mbili.

Gharama ya ukuta huo tunaijua. Unalipia kutoa, unalipia kubadilisha, unalipia kuweka upya. Lakini kuna hasara ya pili isiyozungumzwa sana, nayo ni usalama. Penye ukuta hapakosi mtu wa kati. Mara nyingine ni kijana wa mpakani anayepokea paundi zako na kutuma shilingi kutoka laini yake, huku wewe ukisubiri ujumbe uingie kabla hajaondoka. Mara nyingine mtu wa kati ni kampuni usiyoijua kabisa, iliyokodiwa kuunganisha maghala mawili yasiyozungumza lugha moja.

Yaliyotokea Kampala Oktoba 2020 yanafaa kukumbukwa na kila anayelipa mzigo kwa simu. Tarehe 5 mwezi huo benki ya Stanbic, MTN Uganda na Airtel Uganda zilitoa taarifa ya pamoja kwamba mfumo wa mtoa huduma wa nje ulipata hitilafu Jumamosi ya tarehe 3, na kwamba huduma za kutoa pesa benki kwenda kwenye simu zimeathirika. Mtoa huduma huyo alikuwa Pegasus Technologies, kampuni iliyosimama katikati ya benki na mitandao ya simu. (Isichanganywe na programu ya kijasusi ya Israel yenye jina hilo hilo.) Magazeti ya huko yaliripoti kwamba wadukuzi walitumia kadi za simu zipatazo 2,000 kuchota pesa. Kampuni zilisema salio za wateja hazikuguswa, na hilo ni jema. Lakini aliyekuwa Elegu na lori limeshapakiwa, akingoja pesa zitoke benki ziingie kwenye simu ili alipe ushuru, hakufarijika sana na taarifa hiyo.

Angalia wizi ulipopita. Haukuanzia kwenye namba ya siri ya mteja, wala haikuripotiwa kwamba benki yenyewe ilivunjwa. Ulipita kwenye kiungo. Kila kampuni mbili zinapofungamana kwa mkataba wao wa siri, kwa programu iliyoandikwa kwa ajili yao tu, kinazaliwa kiungo kingine kama hicho, kinachotunzwa na mafundi wachache na kukaguliwa na wachache zaidi. Kiwango kilichochapishwa hakizuii wizi peke yake, lakini mwanya wake hutafutwa na macho mengi, na ukipatikana unazibwa kwa wote kwa pamoja.

Ukiwaeleza hayo watu wa kampuni za simu, jibu la kawaida ni kwamba wakifungua mifumo yao, wezi nao watasoma. Hoja hiyo inasikika kama ya busara. Historia ya simu hizi hizi tunazoshika inaikana.

GSM iliacha wazi kanuni za kuunganisha, lakini ikaficha kufuli. Namna ya kusimba mazungumzo, inayoitwa A5/1, ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ikawekwa siri. Mwaka 1999 Marc Briceno, mtafiti wa Marekani, aliifumbua yote kwa kuichunguza simu yenyewe. Desemba 2009 Mjerumani Karsten Nohl alisimama mbele ya mkutano wa wadukuzi mjini Berlin akaeleza jinsi ya kuivunja kwa vifaa vya bei nafuu. Mwaka 2013 huyo huyo alionyesha kwamba baadhi ya kadi za simu bado zililindwa kwa usimbaji wa miaka ya 1970, na kwamba ujumbe mfupi usioonekana kwa mwenye simu ungeweza kuiteka kadi. Siri ilidumu muda mrefu, lakini haikumlinda mteja. Iliwalinda tu waliotengeneza kufuli dhaifu wasiambiwe mapema.

Linganisha na upande mwingine. Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani ilipotaka usimbaji mpya, ilitangaza shindano la wazi. Mapendekezo 15 yalikubaliwa kushindana, wataalamu wa dunia nzima wakaruhusiwa kuyashambulia, na la Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, likashinda. Linaitwa AES. Kila mtu anaweza kulisoma hadi nukta ya mwisho, na hadi leo ndilo linalolinda benki. Wazo lenyewe ni la zamani. Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa mwalimu wa lugha Ufaransa, aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo mzuri wa siri hauna budi kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo haujulikani. Kwa lugha ya sokoni: duka linalotegemea wezi wasijue kufuli ni la aina gani bado halijafungwa.

Kwa Juba hili si jambo la maabara. Wengi hapa hutuma pesa kwa kubonyeza nyota na reli kwenye simu ya vitufe. Njia hiyo ni nzuri kwa kuwa haihitaji intaneti, lakini namba ya siri unayoandika hupita kwa ulinzi wa mtandao wenyewe, si kwa usimbaji unaotoka simuni mwako hadi mwisho wa safari. Mtandao ukiwa wa kizazi cha pili, ulinzi ni ule ule wa kale. Kampuni ya simu inajua kama imebadilisha usimbaji wake au la. Mteja hana pa kuuliza, kwa kuwa hakuna inayelazimishwa kutangaza.

Kuna wanaosema dawa ni simu janja. Ni kweli kwa nusu. Android, inayoendesha simu nyingi za bei nafuu za eneo letu, imejengwa juu ya programu huria. Yeyote anaweza kuusoma msingi wake. Tabu ni kwamba kati ya msingi huo na kiganja chako kuna mtengenezaji wa simu, na kwake mambo hufungwa tena. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream na shirika la habari la BuzzFeed waliripoti kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Ghana, Kameruni, Misri na Afrika Kusini zilikutwa zikiwa na programu hatari tangu dukani. Programu hizo zilikula salio kwa kujaribu kumwandikisha mteja katika huduma ambazo hakuziomba. Upstream walisema walizuia miamala ya namna hiyo milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000. Tecno ilijibu kuwa tatizo lilikuwa la zamani na limetatuliwa, na wenye kampuni walimtupia lawama mgavi mmoja ambaye hawakumtaja. Mgavi asiyetajwa! Tumerudi kwa mtu wa kati.

Na mengine tunajitakia. WhatsApp ya kawaida imesimbwa mwanzo hadi mwisho tangu Aprili 2016, kwa kanuni zilizochapishwa na waliotengeneza Signal. Halafu mtu anaiacha na kupakua ile ya kugushi inayomwezesha kuficha kwamba amesoma ujumbe. Agosti 2021 Kaspersky walikuta virusi vya Triada ndani ya mojawapo, FMWhatsApp, jamii ile ile iliyokutwa kwenye simu za Tecno. Ukiwa unapokea ankara na kupatana bei na muuzaji wako kwenye simu hiyo, umemkaribisha mgeni mezani.

Nani basi atafungua milango? Kampuni hazifungui kwa hiari, hata kubwa kuliko zetu. Apple walishikilia waya wao wa kuchajia hadi sheria ya Ulaya ilipowabana. iPhone ya Septemba 2023 ikatoka na tundu la USB-C kama simu nyingine. Nyumbani tuna mifano ya heshima zaidi. Tanzania, Airtel, Tigo na Zantel walikubaliana mwaka 2014 wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom, iliyokuwa na soko kubwa zaidi, ikaingia mwaka 2016. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wake wa malipo ya papo hapo, TIPS, ili benki na kampuni za simu zikutane mahali pamoja badala ya kufungamana mbili mbili. Kenya ilianza kutumiana kati ya mitandao mwaka 2018. Hakuna kampuni iliyokufa kwa ajili ya hayo.

Kuvuka mpaka ndiko tulikobaki nyuma. Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki uliobuniwa na benki kuu unaunganisha benki, na mama anayeleta magunia matano ya vitunguu si mteja wa mifumo hiyo. Vifaa vya kuanzia vipo. Mojaloop, programu huria ya kuunganisha pesa za simu na benki, ilitolewa bure na wakfu wa Gates mwaka 2017. Inayokosekana ni amri.

Haki itendeke pia kwa kampuni za hapa. Minara ya Sudan Kusini inaendeshwa kwa dizeli, na aliyegharamia dizeli hafurahii kusikia kwamba mshindani apite bure. Alipwe ada, tena iliyotangazwa. Na hakuna kiwango cha ufundi kitakachoponya paundi. Tangu Benki Kuu ilipoacha kuishikilia Desemba 2015, ilipokuwa karibu 3 kwa dola moja, imeporomoka kiasi kwamba hakuna mfanyabiashara anayetaka kuilaza kwenye simu usiku mmoja. Lakini hiyo ni sababu ya kutaka pesa zivuke kwa dakika badala ya siku.

Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya Aprili 2016. Barabara ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule ilikuwa imekwisha kuwekwa lami mwaka 2012. Lori lina njia na sauti ina njia. Vyama vya wafanyabiashara vinapoitwa na benki kuu na mamlaka ya mawasiliano, vina mambo mawili ya kudai kwa majina: kanuni za kuunganisha pesa za simu zichapishwe ziwe za nchi zote wanachama, na kila kampuni iseme hadharani mtandao wake unatumia usimbaji gani.

Wakati tunangoja, ingia leo kwenye mipangilio ya simu yako, sehemu inayohusu simu yenyewe. Utaona tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Ikiwa ni ya miaka mitatu iliyopita, laini yenye mtaji wako ihamishie kwenye simu nyingine isiyopakuliwa chochote, hata ile ndogo ya vitufe, na hiyo janja ibaki ya kupigia picha mzigo.