EPCOT ya Zamani Haitoki Mioyoni mwa Mashabiki

Januari 2022, wageni wa bustani ya burudani ya EPCOT, katika jimbo la Florida nchini Marekani, walipanga foleni kwa saa nyingi. Hawakuwa wakingojea kupanda chombo cha burudani. Walitaka kununua ndoo ya plastiki ya kutilia bisi, yenye sura ya joka dogo la zambarau liitwalo Figment. Picha za foleni hiyo zilienea duniani, na wengi wakashangaa: watu wanapigwa jua hivyo kwa ajili ya ndoo? Ila mashabiki wa siku nyingi hawakushangaa hata kidogo. Kwao Figment ni kumbukumbu ya EPCOT waliyoipenda, ile iliyobomolewa kipande kwa kipande.

Wazo la EPCOT lilikuwa la Walt Disney mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni ya Disney inayoimiliki bustani hiyo. Mwaka 1966 alirekodi filamu fupi akieleza nia yake ya kujenga mji wa kweli wa watu 20,000, mji wa kujaribia teknolojia mpya na namna bora ya kuishi. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Kampuni aliyoiacha haikuthubutu kujenga mji, ikajenga bustani, nayo ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982.

Msomaji aliyewahi kuzunguka viwanja vya Sabasaba jijini Dar es Salaam ataelewa upesi mpangilio wake: mabanda, kila moja na mada yake na mdhamini wake. Exxon ilidhamini banda la nishati, General Motors la usafiri, Kraft la kilimo, Kodak la ubunifu. Langoni lilisimama tufe kubwa la rangi ya fedha, lenye urefu wa takriban mita 55, na ndani yake wageni walipandishwa taratibu kupitia historia ya mawasiliano ya binadamu tangu enzi za mapangoni. Nyuma kabisa, kuzunguka ziwa, yalipangwa mabanda ya nchi mbalimbali. Mickey Mouse na wenzake, waliojaa kwenye bustani jirani ya Magic Kingdom, hapa waliwekwa kando. EPCOT ilikusudiwa kuwa mahali pa kujifunza.

Banda linalotajwa kwa uchungu kuliko yote ni Horizons. Lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1983 kwa udhamini wa General Electric. Wasimulizi wake walikuwa babu na bibi. Safari ilianza kwa kuonyesha jinsi watu wa zamani walivyoiwazia kesho, akiwemo mwandishi Jules Verne, kisha abiria wakapitishwa katika makazi ya siku zijazo: mashamba yaliyostawi jangwani, mji chini ya bahari, kituo angani. Kwenye sehemu ya shamba ilipulizwa harufu ya machungwa, na hadi leo waliopanda wakiwa watoto huitaja harufu hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Mwishoni abiria walibonyeza vitufe kuchagua njia ya kurudi nyumbani, kwa anga, kwa jangwa au kwa chini ya bahari. Mtoto wa miaka saba alikuwa na kura sawa na baba yake.

Udhamini wa General Electric ulikwisha mwaka 1993. Banda lilifungwa, likafunguliwa tena kwa muda, hatimaye likafungwa moja kwa moja tarehe 9 Januari 1999 na kubomolewa. Mahali pake, mwaka 2003, ilifunguliwa Mission: SPACE, mashine inayowazungusha abiria kwa kasi ili wahisi msukumo wa roketi. Ilikuwa kali mno kwa baadhi ya wageni, na mwaka 2006 ikaongezwa safari ya upole isiyozunguka. Hapo hoja ya mashabiki, kwamba ya zamani ilikuwa bora, ina uzito. Horizons ilimkalisha bibi na mjukuu kiti kimoja, wakazungumza njia nzima juu ya kile wanachokiona.

Mashabiki wake hawakukubali isahaulike. Walirekodi video za safari nzima, wengine wakaijenga upya kwa kompyuta, na wapo waliothubutu kushuka vitini safari ikiendelea ili wapige picha za kila kona kabla ya kufungwa. Hilo la mwisho lilikuwa hatari na si la kuigwa, lakini baadhi ya picha bora za ndani ya Horizons zimetokana nalo.

Figment naye alipata misukosuko yake. Tangu 1983 alikuwa kiongozi wa safari ya ubunifu, pamoja na mzee mwenye ndevu nyekundu aitwaye Dreamfinder. Mwaka 1999 safari ilibadilishwa, mzee akaondolewa na joka likabakishwa kwa kuonekana kidogo tu. Wageni walilalamika kwa nguvu hadi kampuni ikaifunga safari hiyo mpya, na mwaka 2002 Figment akarejeshwa. Dreamfinder hakurudi katika safari hiyo.

Kwa nini mabadiliko haya yote? Wadhamini waliondoka mmoja baada ya mwingine, na mabanda bila fedha zao yalichakaa. Isitoshe, bustani inayoonyesha kesho huzeeka haraka: kompyuta zilizowastaajabisha watu mwaka 1982 zilikuwa za kizamani muda mfupi baadaye. Na wazazi walitaka kuwaonyesha watoto wao wahusika wanaowajua. Ndipo safari ya mashua ya Norway, Maelstrom, ilipofungwa mwaka 2014 na kugeuzwa kuwa ya filamu ya Frozen mwaka 2016. Banda la nishati lilifungwa mwaka 2017. Jengo lake sasa ni sehemu ya treni ya kasi ya Guardians of the Galaxy, iliyofunguliwa Mei 2022.

Ni haki kusema pia kwamba kumbukumbu huchagua. Safari ya nishati ilichukua zaidi ya nusu saa, na watoto wengi walisinzia humo. Hadithi ya nishati ya dunia ilisimuliwa chini ya jina la kampuni ya mafuta, jambo ambalo mashabiki wachache hulikumbuka. Na dunia iliyozunguka ziwa lile haikuwa dunia nzima. Banda la Afrika ya Ikweta lilipangwa na kutangazwa, na mwandishi Alex Haley alishiriki kulinadi kwenye kipindi cha televisheni cha uzinduzi, lakini halikujengwa kamwe. Morocco iliingia mwaka 1984, kwa mchango wa Mfalme Hassan II aliyetuma mafundi wake, nayo ikabaki nchi pekee ya Afrika yenye banda kamili. Afrika Mashariki ilisubiri hadi 1998, tena katika bustani nyingine ya Disney, Animal Kingdom, kulikojengwa mji wa kubuni uitwao Harambe, wenye kuta na milango ya kuigiza miji ya pwani yetu. Kwa Mswahili, EPCOT ya zamani ilikuwa na pengo tangu siku ya kwanza.

Kampuni yenyewe imetambua nguvu ya kumbukumbu hizi. Jina EPCOT limerudi kuandikwa kwa herufi kubwa kama mwanzo, na chemchemi ya langoni imejengwa upya kwa kufuata ile ya 1982. Ndani ya Mission: SPACE, gurudumu kubwa lina nembo ya Horizons katikati yake. Safari ya magari ya Test Track, iliyofunguliwa upya Julai 2025, imechota mawazo kutoka banda la usafiri lililofungwa mwaka 1996.

Nembo na chemchemi ni heshima nzuri, lakini hazitoshi. Frozen, Ratatouille, Guardians of the Galaxy na Moana: vivutio vikubwa vinne vilivyoongezwa EPCOT kati ya 2016 na 2023, na vyote vinne vimetoka kwenye filamu. Mashabiki wanastahili safari moja mpya iliyobuniwa kwa ajili ya EPCOT peke yake, yenye kumwonyesha mtoto wa leo kesho yake na kumwachia achague.