Nguvu ya Kurusha Mpira wa Mikono Huanzia Miguuni

Mpira wa mikono ni miongoni mwa michezo inayoshindaniwa na wanafunzi katika UMITASHUMTA na UMISSETA. Wengi hudhani kuwa kasi ya mpira hutokana na mkono pekee, ilhali mkono hukamilisha kazi iliyoanzia miguuni.

Mchezaji anayerusha kwa mkono wa kulia hukita mguu wa kushoto mbele. Nyonga huanza kuzunguka, kiwiliwili hufuata, kisha bega, kiwiko na mwishowe kifundo cha mkono. Kila sehemu hupokea kasi ya iliyoitangulia na kuiongeza.

Mkono ukitangulia nyonga, mpira hupungua kasi na bega hubeba mzigo mkubwa unaoweza kulijeruhi. Hivyo, walimu wa michezo wafundishe kwanza hatua na mzunguko wa nyonga, ndipo wahimize kurusha kwa nguvu.